POTWE WA KILINDONI
Somo Tulilolipata Katika Likizo ya Krismasi

Shule hufungwa, lakini elimu haifungwi. Mwezi wa Desemba mimi na mke wangu, pamoja na watoto wetu watatu, tulivuka bahari kutoka Nyamisati mpaka Kisiwa cha Mafia, kula sikukuu ya Krismasi kwa shemeji yangu anayefanya kazi mjini Kilindoni. Nilikwenda kupumzika, lakini mwalimu wa elimu ya viumbe hapumziki mahali penye bahari. Basi nimeona vema niwaandikie wanafunzi, na wazazi wao pia, yale tuliyoyaona, ili yawe somo kwetu sote.

Mahali na Majira

Kisiwa cha Mafia kimelala mbele ya mahali Mto Rufiji unapoingia baharini. Mto ule huchukua udongo na mabaki ya mimea kutoka bara na kuvimwaga baharini, navyo huwa chakula cha viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Viumbe hivyo huliwa na uduvi, na uduvi huliwa na dagaa na samaki wengine. Hivyo ndivyo mnyororo wa chakula ulivyo: ukikata pete moja, zilizo juu yake zitaanguka.

Mwezi wa Desemba pepo za kaskazi zimekwisha anza. Tangu Oktoba mpaka Machi, uduvi wanapokuwa wengi karibu na pwani ya Kilindoni, huonekana mgeni mkubwa ambaye wenyeji humwita potwe. Huko Kenya watu humwita papa shilingi, kwa sababu mgongo wake una madoadoa meupe kama sarafu zilizomwagwa juu ya kitambaa cheusi.

Potwe Ni Nani?

Jioni ya siku ya kwanza nilipowaambia watoto kuwa tutakwenda kumtazama papa mkubwa kuliko papa wote, kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka 9, alilia na kusema hatakwenda. Kwake neno papa lilikuwa na maana moja tu, yaani meno.

Asubuhi ya tarehe 24 tulimkuta nahodha wetu ufukweni, mzee mwenye mvi. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Alipomwona mdogo amejificha nyuma ya mama yake, alisema, "Mjukuu wangu, usiogope jina. Papa wa meno ni mwingine. Huyu chakula chake ni uduvi, nawe hufanani na uduvi."

Maneno ya mzee yalikuwa kweli tupu. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Aweza kufika urefu wa mita 12 na kuzidi, na kinywa chake hupita mita 1 kwa upana. Ana meno maelfu, lakini ni madogo mno, wala hayatumii kutafuna. Yeye hufungua kinywa, huingiza maji mengi, kisha huyachuja na kuyatoa kupitia matamvua, ambayo wavuvi huyaita mashavu. Uduvi na dagaa hubaki ndani, naye huwameza.

Watu wengi hudhani kuwa kwa ukubwa wake ni nyangumi. Sivyo. Nyangumi na pomboo ni wanyama wenye damu ya moto. Huvuta hewa kwa mapafu na kunyonyesha watoto wao. Potwe ni samaki. Hupumua majini kwa matamvua, na mifupa yake si mifupa migumu bali ni gegedu, kama ile iliyo ndani ya sikio lako. Ukitaka kuwatambua kwa haraka, tazama mkia. Mkia wa samaki husimama wima na kupiga kushoto na kulia. Mkia wa nyangumi na pomboo hulala, nao hupiga juu na chini.

Tena, madoadoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine, kama vile alama za vidole vyetu. Wataalamu humpiga picha ubavuni, nao wakimwona tena mwaka mwingine hujua kuwa ni yule yule. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba wengi wanaoonekana Mafia ni madume ambao hawajapevuka. Wengine wamefungwa vyombo vidogo vya kutoa sauti, na vyombo hivyo vimeonyesha kuwa potwe wengi hawaendi mbali msimu ukiisha, bali husogea tu kwenye maji ya kina ambako macho yetu hayawafikii.

Tuliyoyaona Majini

Tulivaa jaketi za kuokolea maisha, tukaondoka. Nahodha alitupa sheria nne. Usimguse samaki. Usikae mbele yake. Usiusogelee mkia wake, maana hana nia mbaya lakini mkia hauna macho. Usiruke majini kwa kishindo.

Haukupita muda mrefu tukaona pezi na kivuli kirefu karibu na mashua. Mimi na watoto wawili wakubwa tulivaa miwani ya kuzamia tukateremka polepole. Alipita kando yetu kwa utulivu, kinywa wazi, na samaki wadogo wakimfuata chini ya tumbo kama watoto wanaofuata ngoma. Kwa kumkadiria, alikuwa na urefu wa mita 6. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye kwa kawaida hasemi kidogo, alipopanda mashuani alikaa kimya kitambo kizima.

Kitinda mimba hakushuka. Alishika ukingo wa mashua na kutazama. Lakini yeye ndiye aliyeona jambo ambalo sisi hatukuliona.

Wavu

"Baba," alisema, "mbona wale wanapiga kelele?"

Mbali kidogo palikuwa na chombo cha wavuvi waliokuwa wamezungusha wavu wao mkubwa juu ya kundi la dagaa. Ndani ya duara la maboya tuliona pezi. Potwe alikuwa amefuata chakula chake akafungiwa pamoja nacho. Nahodha wetu alizima mashine ili tusimtie hofu zaidi.

Wavuvi walibishana. Hatimaye mkubwa wao aliamuru ukingo wa wavu ushushwe. Potwe alizunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili, ndipo alipoona njia akatoka. Lakini dagaa nao waliiona njia ile ile. Wavu ulipovutwa, mliobaki ndani hayakuwa mavuno ya watu kumi; ilikuwa ndoo mbili tu.

Sisi tulipiga makofi. Kitinda mimba hakupiga. Alimgeukia nahodha akauliza, "Babu, sasa watoto wao watakula nini leo?"

Mzee hakujibu upesi. Kisha alisema, "Mjukuu wangu, umeuliza swali la watu wazima. Wavu ukiraruka ni hasara ya miezi. Dagaa wakitoroka ni hasara ya siku moja. Tena potwe ndiye anayetuonyesha penye dagaa, na mtu hamuui anayemwonyesha njia. Lakini kweli ni hii: mimi niliyewaleta ninyi kumtazama nimelipwa, na wale waliomfungulia hawakulipwa."

Nakiri mbele ya wanafunzi wangu ya kuwa nimefundisha habari za hifadhi kwa miaka mingi, na sikuwahi kuliweka jambo hilo ubaoni. Tulipofika ufukweni, mke wangu alinunua dagaa wa wavuvi wale bila kuvutana bei. Kitendo hicho hakikufidia hasara yao, nasi tulijua. Siku ya Krismasi tuliwala dagaa wale pamoja na pilau, na mazungumzo ya mezani yote yalikuwa juu ya swali la mtoto.

Mafundisho

Potwe hukua polepole sana. Inakadiriwa kuwa huchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kuzaa. Kwa hiyo ukiua mmoja leo, pengo lake halizibwi upesi. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Asili ulimwandika miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, ikawa ya kwanza ya namna hiyo nchini. Lakini eneo lake liko upande wa kusini na mashariki, na potwe wa Kilindoni hulisha upande wa magharibi. Huko usalama wake umo hasa mikononi mwa wavuvi.

Basi yatupasa tukumbuke mambo mawili. Kwanza, kiumbe mkubwa hutegemea wadogo. Asiyejali uduvi asijidai kumpenda potwe. Pili, uhifadhi una gharama, na ni haki kuuliza nani anailipa. Mchumia juani hulia kivulini, lakini wale tuliowaona walichuma juani wakarudi na ndoo mbili.

Maswali ya Kujipima

1. Taja tofauti tatu kati ya potwe na nyangumi.
2. Chora mnyororo wa chakula unaoanzia Mto Rufiji na kuishia kwa potwe.
3. Kwa nini madoadoa ya potwe yana faida kwa wataalamu?
4. Eleza kwa nini samaki anayekua polepole huangamizwa kwa urahisi.
5. Jadilianeni darasani, na wazazi nyumbani: mvuvi anayeshusha wavu wake ili potwe atoke, je, astahili kulipwa? Na kama ndiyo, alipwe na nani?