Si kila uvimbe wa korodani ni busha

Ndugu Waislamu, yapo maradhi ambayo haya yetu ndiyo inayoyalea. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha mlango wa twahara kidato cha tano, kijana mmoja aliniachia kikaratasi mezani. Korodani yake moja ilikuwa na uvimbe mgumu, hauumi, ana nao miezi minne. Nyumbani walishasema ni busha, anywe mizizi.

Tatizo ni hilo neno "hauumi". Pwani tumeyazoea mabusha, na busha ni maji yanayojaa kuizunguka korodani. Kansa ni kinundu ndani ya korodani yenyewe, mara nyingi bila maumivu, na hii huwapata zaidi vijana, baina ya miaka 15 na 40. Hatari huzidi kwa aliyezaliwa korodani yake haikushuka, au ambaye baba au ndugu yake aliugua. Basi mzazi, usingoje siku ya kumtahiri mwanao ndipo umtazame. Ikifika miezi 6 korodani haijashuka, mpeleke kwa daktari. Upasuaji wa kuishusha hufaa ufanywe kabla ya miezi 18.

Hospitali daktari hupapasa, hupiga picha ya ultrasaundi na kupima damu. Asikudunge mtu sindano ya kuvuta maji kabla ya kipimo hicho, kwani kama ni kansa inaweza kutawanyika. Ikithibitika, korodani hutolewa kupitia kinena, na wengine huongezewa dawa za kansa au mionzi. Ikiwahiwa, karibu wote hupona. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong aliugua mwaka 1996 akiwa na miaka 25, ikiwa imeshafika mapafuni na kwenye ubongo, akapona. (Mataji yake ya Tour de France alinyang'anywa mwaka 2012 kwa kutumia dawa zilizokatazwa michezoni, lakini hilo ni jingine.)

Ama kumvulia daktari, wanazuoni wameruhusu kufunua uchi kwa ajili ya tiba, kwa kiasi cha haja tu. Na Mtume (s.a.w) ametuamrisha tujitibu.

Kijana wetu alitolewa korodani moja. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza: "Ustadh, nitaoa?" Nikamjibu kama alivyotueleza daktari, kwamba moja iliyo nzima kwa kawaida hutosha, kwa ndoa na kwa uzazi. Ila dawa za kansa zinaweza kudhuru uzazi, kwa hiyo hilo aulizwe daktari kabla hazijaanza.