Tansio ya damu: angalia namna unakaa na namna unasimama

Wandugu wa koperative, kwenye shamba la mpunga mama anainama saa moja, mbili, anapalilia. Akisimama gafula, anaona giza mbele ya macho. Hapa Kisangani tunasema: ni njaa, ao ni jua. Inaweza kuwa hivyo. Lakini kwa mutu mwenye tansio ya juu, kuko sababu ingine.

Mushipa wa damu wa kijana unavutika kama mupira mupya wa baiskeli ya toleka. Moyo ukisukuma, unatanuka. Moyo ukilegea, unarudia. Miaka, tansio, sukari na tumbako vinaukomaza, kama mupira wenye kuachwa kwenye jua.

Tena, namna mwili umekaa inabadilisha mambo. Ukisimama, nusu litre ya damu ao zaidi inashuka tumboni na miguuni. Mwili unajibu mara moja: moyo unapiga mbio, mishipa inajikaza. Ndiyo maana wanganga wenye kupima ugumu wa mishipa wanamulaza mutu kwanza, anapumuzika dakika 10; wakimupima amekaa, mishipa inaonekana migumu zaidi. Sasa, mushipa wenye kukomaa unachelewa kusikia kwamba damu imeshuka. Ubongo unakosa damu kidogo, na mutu anaanguka, pengine na mupanga mukononi.

Kwa hiyo usinyanyuke gafula. Piga goti kwanza, shikilia jembe, pumua mara kumi, kisha simama polepole. Na kunywa maji mbele kiu haijakushika.

Kuko kosa lingine, la siku ya kupimwa. Mutu anafika kwa miguu, amebeba kitunga, anapimwa palepale mukono ukininginia. Mukono ukining'inia tu, hesabu ya juu inaweza kupanda kwa 10: mwenye 135 anaonekana na 145, na mupaka ni 140 juu ya 90! Kojoa kwanza. Kaa dakika 5 bila kusema, mugongo kwenye kiti, miguu chini bila kuipandanisha, mukono juu ya meza, sawa na moyo. Mimi naona bora kupoteza dakika tano kuliko kumeza dawa miaka mingi juu ya hesabu ya uongo.

Kama unasikia kizunguzungu, usiache dawa wewe mwenyewe. Omba munganga akupime umekaa, kisha umesimama. Hesabu ya juu ikishuka kwa 20 ndani ya dakika 3, yeye ndiye atapanga dawa upya.