Chuo Kikuu na Gunia la Mahindi



Wengi wetu tukisikia "chuo kikuu" tunafikiria karo, majoho na vijana wanaotafuta kazi mjini. Hayo yapo. Lakini chuo kikuu kina kazi nyingine: kutafuta majibu ya shida za watu. Leo tuangalie shida moja ambayo kila boma linaijua.

1. Shida yenyewe

Mkulima akivuna, wadudu nao wanavuna. Kwa kuogopa fukusi na dumuzi (yule wengine wanamwita Osama), mama anauza mahindi mara tu yakitoka shambani, kwa bei ya kutupa. Miezi michache baadaye anarudi sokoni kununua mahindi kama yale yale kwa bei ya juu. Umaskini unaingilia hapo. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii ya mahindi huoza na kubunguliwa.

2. Jibu lilitoka wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, pamoja na Profesa Larry Murdock, walishirikiana na watafiti na wakulima wa Kamerun. Kunde za huko zilikuwa zinamalizwa na wadudu ghalani. Walitengeneza gunia lenye mifuko miwili mizito ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Kila mfuko unafungwa peke yake. Hewa mpya haiingii. Wadudu wanamaliza hewa iliyomo, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna dawa ya kunyunyiza. Baadaye lilijaribiwa kwa mahindi pia, na siku hizi linauzwa hapa Kenya kwa jina la PICS.

3. Namna ya kulitumia

- Kausha mahindi vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo.
- Yapime kwa chumvi. Weka mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya glasi, funga, tikisa, ngoja kama dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Hata isiposhika, anika siku moja zaidi.
- Kagua mifuko kama ina matundu.
- Usijaze hadi mdomoni. Sukuma hewa itoke, sokota, funga kwa kamba.
- Weka juu ya mbao, mbali na ukuta na panya.

Angalieni sana: gunia hili linaua wadudu, halikaushi mahindi. Mahindi mabichi huota kuvu yenye sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo, aflatoksini, iliua watu 125 huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani. Yaliyoota kuvu usile, wala usiuze.

4. Tunajifunza nini?

Elimu hiyo ingebaki kwa makaratasi, isingeokoa hata debe moja. Ilisaidia kwa sababu wasomi walienda kwa wakulima, na wakulima wakasema shida yao wazi. Sisi pia tunavyo vyuo. Egerton kule Njoro kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Kuna Jomo Kenyatta pale Juja, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina wataalamu wa kilimo na mifugo pale Kabete. Tusikae tukingoja watufikie. Kikundi kiandike barua fupi kuhusu shida moja tu, na mtoto wa kijiji anayesoma huko aipeleke. Tulimchangia karo kwa harambee. Si vibaya kumtuma.

Yusufu kule Misri alikuwa na hekima, lakini njaa ilizuiwa na maghala yaliyojazwa mapema (Mwanzo 41).

Maswali ya kujadili

1. Msimu uliopita tuliuza debe kwa shilingi ngapi, na tukanunua kwa ngapi?
2. Kikundi kinaweza kununua magunia mangapi kwa pamoja?
3. Ni shida gani moja tutaandikia chuo kikuu, na nani ataandika barua?