Mdogo wangu, usinunue namba

Mdogo wangu, sogea hapa nikwambie. Najua umeshapiga hesabu: unataka kompyuta ya kuchomeka kwenye TV ya sebuleni, watoto waangalie katuni, nyie wakubwa filamu. Umefika dukani, muuzaji kakushikisha boksi, kakwambia, "Hii i7, ndiyo baba lao," na moyo ukadunda. Usione haya. Karibu kila anayeanza hupita hapo, na mimi dada yako nilipita.

Nilinunua i7 ya kizazi cha 4, ya mtumba, Kariakoo. Jioni nikawaita wote sebuleni, mama akawekewa kiti chake, nikafungulia filamu ya 4K. Dakika ya tatu tu, midomo ya waigizaji ikaachana na sauti. Picha ikaganda, ikaruka, ikaganda tena. Feni ikapandisha mvumo kama mashine ya kusaga. Mama hakunilaumu; aliinuka taratibu akaenda kulala. Hilo liliniuma kuliko hata pesa iliyonitoka.

Na ile prosesa wala haikuwa mbovu, ndiyo maana nataka unielewe vizuri. Filamu nyingi za 4K hufungwa kwa mtindo uitwao HEVC ili zisijaze diski. Ndani ya prosesa huwa kuna kipande kinachofungua video tu, tuseme king'amuzi chake. Prosesa yangu iliingia sokoni mwaka 2013, mwaka uleule HEVC ilipopitishwa, kwa hiyo king'amuzi chake hakikuwa kimefundwa kazi hiyo. Mzigo wote ukaangukia koa zake, yaani sehemu zake za kufanyia kazi za kawaida, zikahema, feni ikalia. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, mdogo wangu. Hiyo i7 ingekufaa kwa mengine, lakini sebuleni ilizidiwa.

Basi kabla hujauliza bei, uliza kizazi. Kwa Intel, tazama namba inayofuata kistari: i5-7500T ni kizazi cha 7. Kuanzia hapo HEVC ya biti 10 inafunguka bila jasho, na VP9 ambayo YouTube huitumia vilevile. Ukitaka na AV1, mtindo mpya zaidi, anzia kizazi cha 11. Hiyo T ya mwisho inamaanisha wati 35, joto dogo na feni tulivu. Lakini ukiona F mwishoni, kama i5-12400F, weka chini: haina sehemu ya picha kabisa, utalazimika kununua kadi pembeni.

Na usidharau kidogo. Ipo Intel N100 ya mwaka 2023, koa 4 tu, imeandikwa wati 6, na inafungua hata AV1. Ile i7 yangu iliandikwa wati 84! Kitu kinachokaa kimewaka jioni nzima, tena sebuleni, hizo wati utazisikia kwenye feni na utazilipia kwenye umeme.

Ila usije ukakimbilia prosesa ukasahau tundu la HDMI la kuchomekea waya wa TV. HDMI 1.4 inaishia picha 30 kwa sekunde kwenye 4K. Kwa 60 unahitaji 2.0. Wengi hununua prosesa nzuri kwenye bodi yenye tundu la zamani, kisha mpira ukipigwa wanaona unarukaruka, wanailaumu TV ya watu. Na kama TV yako ni ya Full HD na filamu zako ni zile za kawaida za H.264, tulia na mashine uliyonayo. Usikope kwa sababu jirani kanunua.

Nakurudia tena kwa sababu nakupenda: haraka haraka haina baraka. Nenda na flashi yenye filamu yako mwenyewe ya 4K. Mwombe muuzaji aicheze dakika kumi. Fungua Task Manager uangalie CPU. Ikipanda na kung'ang'ania karibu na 100, umeshajibiwa. Kisha sogeza sikio, sikiliza feni. Muuzaji akikataa kuiwasha, msalimie kwa adabu, shika flashi yako, toka. Kiti cha mama kinakusubiri nyumbani, na hicho hakistahili kubahatishiwa.