MTOTO ALIYECHELEWA KUSEMA

Ndugu zetu, katika darasa letu huulizwa mara nyingi juu ya watoto wa Kibera na Kawangware wachelewao kusema au wasioshika masomo. Majirani husema ni jini, au ni laana. Mama hulaumiwa, na mtoto hufungiwa chumbani. Yafaa tuibainishe haki.

Ubongo wa binadamu ni mkubwa mara tatu kuliko wa sokwe, una chembe za fahamu zipatazo bilioni 86, nao huchukua miaka mingi zaidi kukomaa. Ujenzi huo mrefu huongozwa na jeni tulizozirithi kwa wazazi, na jeni moja ikiharibika ujenzi waweza kwenda kombo. Tena pengine badiliko hilo ni jipya kabisa, halimo kwa baba wala kwa mama. Basi mama alaumiwe kwa lipi?

Mwaka 1959 wataalamu wa Ufaransa walieleza kwamba watoto wenye ugonjwa wa Down wana kromosomu 47 badala ya 46. Na hapa kwetu, watafiti wa Kilifi na wenzao wa Afrika Kusini wamechunguza jeni za watoto wenye usonji. Wako pia watoto walioumizwa na malaria iliyopanda kichwani, au waliokosa pumzi walipozaliwa.

Ewe mzazi, usimalize fedha yako kwa hirizi. Mpeleke mtoto hospitali, kisha kwenye vituo vya serikali vya kuwapima watoto kielimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Usikawie, kwani ubongo hujifunza upesi zaidi utotoni. Mtoto huyu ni amana, na kila amana ina siku ya kuulizwa.