Kutoka Tudor hadi Bahati: siku mbili za mwanafunzi na pesa zake kwenye simu

Wiki hii tunaongea na wanafunzi wanaofunga muhula, na pia na wazazi wanaowatumia pesa, kwa sababu mambo mengi yanayoharibika siku ya safari huanzia pande zote mbili.

Tuchukue mfano wa binti wa mwaka wa pili anayesoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor. Kwao ni Bahati, kaunti ya Nakuru, ukifuata barabara ya Nyahururu. Ni mtu wa mfano tu, lakini kama umewahi kusomea mbali na nyumbani utamtambua. Alhamisi anamaliza mtihani wa mwisho. Ijumaa anapanda treni.

Alhamisi asubuhi anakula mbaazi na mahamri kwenye kibanda nje ya hosteli. Bei ni shilingi 70. Hapa ndipo wengi hupoteza pesa bila kujua. Kuna anayekimbia kwa wakala kutoa 200 ndiyo alipe chakula. Kwa bei za M-Pesa zilizoanza Julai 2023, kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Sasa piga hesabu. Ukitoa 200 kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, umelipa 145 kwa kupata 1,000 yako mwenyewe. Ukitoa hiyo 1,000 mara moja, umelipa 29. Tofauti ni 116, yaani kiamsha kinywa cha siku moja na nusu.

Au usitoe kabisa. Kumtumia mtu shilingi 100 au chini ya hapo hakuna ada, na ukilipa kwa till ya dukani, wewe mteja hukatwi kitu. Mama wa mbaazi ana namba yake imeandikwa kwa chaki ukutani. Mtumie 70 yake, subiri simu yake ilie, kaa chini ule. (Ada hubadilika, kwa hivyo angalia bei za mtandao wako kabla ya kutegemea namba hizi.)

Mchana anafanya mtihani, anarudisha vitabu, analipa deni la fotokopi. Hapo hatuna la kufundisha.

Saa kumi jioni ndipo kazi inaanza. Tiketi ya Madaraka Express, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Zamani ilikuwa 1,000. Mama amesema atatuma nauli leo. Shida ni kwamba binti ana Fuliza ya 640. Alinunua bando, akalipia chakula, akasaidia rafiki, na sasa imesimama hapo ikiongezeka ada kila siku.

Fuliza hufanya kazi hivi: ukikopa, unakatwa asilimia 1 ya kiasi ulichochukua, halafu kuna ada ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni. Pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako, deni linalipwa kwanza. Haijalishi imetoka kwa nani wala ni ya kazi gani. Mama akituma 1,500 ya nauli, binti ataona 860. Kwa 860 hapati kiti.

Utasema, si atafuliza tena? Akiruhusiwa, ndiyo. Lakini tufuate hiyo njia hadi mwisho wake. Anakopa tena 640, anakatwa tena ile asilimia 1, tiketi inapatikana. Kesho akiwa Nairobi, mama anamtumia 1,000 ya matatu ya Nakuru. Deni linaila hiyo nayo. Sasa yuko mjini saa kumi jioni, ana begi mbili, na kwenye simu ana shilingi mia tatu na kitu. Deni dogo la Tudor limemsubiri Nairobi.

Kuna njia rahisi kuliko hiyo, nayo inataka simu moja tu ya ukweli:

"Mama, usinitumie nauli kwa laini yangu. Niko na Fuliza."

"Fuliza ya pesa ngapi?"

"Mia sita na arobaini."

"Haya. Sasa nitume wapi?"

Atume moja kwa moja kwa anayelipwa. Kwenye malipo ya paybill, kinachotazamwa ni namba ya akaunti inayoandikwa, na simu inayolipa inaweza kuwa ya mtu mwingine. Ndivyo mzazi anavyolipa karo akiwa Bahati na risiti ikatoka Mombasa. Binti anapiga *639#, anachagua treni na tarehe, anaandika namba ya kitambulisho. Kama maelekezo yanampa namba ya kulipia, anamsomea mama pole pole na mama anairudia kabla ya kubonyeza. Kama malipo yanatakiwa kutoka laini iliyoweka nafasi, basi rafiki wa chumba mwenye laini safi aweke nafasi kwa niaba yake, kwa jina na kitambulisho cha anayesafiri. Nauli isipite tu kwenye laini yenye deni.

Wazazi nao tuna neno nao. Wengi wanaamini kutuma pesa mara moja ndiyo bei nafuu siku zote. Kwa kutoa, kweli. Kwa kutuma, hesabu ni nyingine. Kutuma 1,500 mara moja ni shilingi 23. Kutuma 500 mara tatu ni 7 mara tatu, yaani 21. Tofauti ni ndogo, lakini kwa 2,000 inakuwa 33 dhidi ya 28. Kwa hivyo mama anayeuza maziwa na kutuma kidogo kidogo kila akilipwa hajakosea. Hasara inakuja upande wa pili, mtoto akienda kwa wakala mara tatu, 29 kila mara. Kubalianeni: atakayetumiwa kidogo kidogo alipe kidogo kidogo kwa simu.

Ijumaa. Treni ya asubuhi inaondoka Mombasa saa mbili, na kituo chenyewe kiko Miritini, mbali na Tudor, kwa hivyo anatoka hosteli alfajiri. Pale kuna ukaguzi wa mizigo na mbwa wa kunusa na foleni ya mashine ya kuchapisha tiketi. Afike angalau saa moja kabla. Jambo moja ambalo hatuchoki kulisema: ule ujumbe wa tiketi na namba ya malipo uandike pia kwenye karatasi. Simu ikizima chaji mbele ya mashine, karatasi inakuokoa. Na anayekufuata mlangoni akisema ana tiketi ya ziada, mpite. Tiketi ina jina na kitambulisho cha mtu, na huyo mtu si wewe.

Wengine huuliza kwa nini asipande treni hadi kwao. Swali zuri. Reli ya zamani ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901. Hii mpya ilifunguliwa Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, na sehemu iliyofuata, ya mwaka 2019, iliishia Suswa. Mtu wa Bahati wa enzi za babu zetu aliteremka Nakuru mjini. Binti wetu anateremka Nairobi Terminus, Syokimau, na zimebaki kama kilomita 160 za barabara kutoka Nairobi hadi Nakuru.

Baada ya Voi treni inakata Tsavo. Watu wanatafuta ndovu dirishani, mtandao unakuja na kupotea. Tuseme ni hapo ndipo ujumbe unaingia: umepokea Ksh 2,300 kutoka kwa fulani. Dakika moja baadaye simu inalia. Sauti ya mwanaume, ina wasiwasi: "Dada, nimekosea namba, hiyo ni pesa ya hospitali, tafadhali nirudishie."

Binti ana roho nzuri, na hao watu wanategemea hiyo. Kwanza, aangalie ujumbe umetoka wapi. Wa kweli huingia kwa jina la huduma, pale pale zilipo jumbe zako za awali. Ukiwa umetoka kwa namba ya kawaida ya simu, ni uongo hata kama maandishi yanafanana neno kwa neno. Pili, aangalie salio kwa *334# au kwenye programu. Hakuna mtandao? Basi asifanye lolote hadi Mtito Andei. Haraka ni ya huyo anayepiga.

Na kama pesa imeingia kweli? Hata hivyo asiitume kwa mkono wake. Hapa wengi hushangaa, kwa hivyo soma polepole. Aliyekosea namba anaweza kusambaza ule ujumbe wake wa malipo kwa 456 na kuomba pesa irudishwe. Wewe ukimtumia 2,300 kwa huruma, na yeye akawa ameshaomba irudishwe, pesa itatoka kwako mara mbili. Jibu ni moja, kwa heshima: "Ndugu, tuma ujumbe huo 456, wao watairudisha. Mimi sitaigusa." Aliyekosea kweli atashukuru. Tapeli atatukana. Ujumbe wake wa uongo mpeleke 333, ni bure.

Treni inafika Nairobi mchana. Kutoka Syokimau kuna treni ndogo ya kwenda stesheni ya katikati ya jiji, halafu ni kutembea au kubebewa mizigo hadi steji ya Nakuru upande wa Nyamakima. Kelele ni nyingi. "Nakuru mmoja! Nakuru mmoja wa kuondoka!" Makanga anataja namba ya simu haraka, watu wanasukumana, na hapa ndipo vidole hukosea. Kabla malipo hayajakamilika, jina la anayelipwa linatokea kwenye simu. Lisome kwa sauti: "Ni wewe huyu?" Akikataa, acha kulipa. Ukishakosea, 456 ile ile, na dakika zinahesabika, kwa maana aliyepokea akishatoa pesa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Mama ametuma 1,000 ya matatu. Safari hii imefika kwa laini ya binti ikiwa nzima, kwa sababu Alhamisi usiku alilipa ile 640 kwa pesa kidogo aliyokuwa amebakiza na nyingine aliyomdai rafiki yake. Rafiki alilipa baada ya kukumbushwa mara tatu. Hiyo nayo ni huduma ya kifedha.

Ijumaa jioni barabara ya Naivasha na Gilgil hujaa, kwa hivyo anafika Nakuru giza limeingia. Bado ana matatu ya barabara ya Nyahururu hadi Maili Kumi, kisha bodaboda hadi nyumbani. Chaji imebaki asilimia 4. Kwa kipande hiki cha mwisho tunashauri pesa taslimu, hata sisi ambao kazi yetu ni simu. Shilingi 300 iliyokunjwa kwenye soksi au ndani ya kitabu tangu Mombasa inatosha. Mwenye boda wa usiku hawezi kusubiri utafute chaja, na si vizuri kusimama gizani ukitoa mwanga wa simu ukitafuta salio.

Akishachaji nyumbani, mama atauliza ile 640 ilienda wapi. Kwa *334#, kwenye akaunti yangu, kuna sehemu ya kuomba taarifa ya malipo. Ataona bando mara nne, chipsi mara mbili, 150 kwa rafiki, na 29, 29, 29 za wakala zimepangana kama mabehewa.