Chanjo ya HPV baada ya Tiba ya Mlango wa Kizazi: Mwongozo kwa Wahudumu wa Kliniki

Mama ametoka kufanyiwa tiba mgando au tiba joto, bado anafunga kanga yake, anauliza: "Sista, na mimi si nichanjwe ile ya mabinti?" Anastahili jibu kamili. Kumwambia tu kwamba umri wake umepita ni kumwacha njiani.

Anza na lile ambalo chanjo haiwezi. Haiui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini, wala haiondoi doa jeupe lililoonekana kwa siki. Hiyo ni kazi ya tiba. Chanjo huzuia maambukizi mapya. Mwanamke mwenye aina moja ya HPV huenda hajakutana na nyingine, na aina ya 16 na 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi.

Je, itamkinga asirudiwe? Ushahidi haujakaa sawa. Tafiti kadhaa zilionyesha waliochanjwa karibu na siku ya tiba wakirudiwa kwa uchache, ila nyingi hazikuwagawa wanawake kwa kura, na huenda waliochagua chanjo walikuwa tofauti na wenzao tangu mwanzo. Jaribio la Johannesburg, lililogawa kwa kura wanawake wanaoishi na VVU, halikuona nafuu. Sisi tunaowapima wanawake wa kliniki za VVU (CTC) kila wiki hatuwezi kulipuuza jibu hilo.

Basi usimkataze, usimshurutishe. Chanjo ya bure ya Tanzania, iliyoanza nchi nzima mwaka 2018, ni ya mabinti. Dozi zao zisiguswe. Mtu mzima atajilipia mahali inapopatikana, kwa hiyo ajue gharama yote kabla ya sindano ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili, zikipishana miezi 6, kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Anayeishi na VVU apate angalau mbili, ikiwezekana tatu. Chanjo haina virusi hai, hivyo asiiogope. Mjamzito asubiri ajifungue. Anayenyonyesha anaweza kuchanjwa.

Fedha zikitosha jambo moja tu, chanjo au nauli ya marudio, mwambie waziwazi: nauli kwanza. Kurudi baada ya miezi 12 kupimwa tena, kwa kipimo cha vinasaba vya HPV kinapopatikana, ndiko kunakogundua doa lililobaki au lililorejea wakati bado linatibika. Aliyechanjwa naye arudi vilevile. Kwenye kadi andika tarehe yenyewe, maana "baada ya mwaka" husahaulika. Chukua namba ya simu, uulize ni ya nani na kama unaruhusiwa kutaja kliniki mwingine akipokea.

Kabla hajaondoka, zungumza naye kuhusu nyumbani. HPV inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Jibu la kipimo halionyeshi nani aliileta wala lini. Mama asiyeambiwa hivi anaweza kufika kwake akakuta ugomvi, na ugomvi huo ukamzuia kurudi. Wenzi wapumzike tendo la ndoa kwa mwezi mmoja. Ikishindikana, watumie kondomu. Majimaji ukeni ni ya kawaida kwa wiki kadhaa. Homa, damu nyingi, harufu mbaya au maumivu makali ya tumbo la chini: arudi siku hiyohiyo, na apokelewe bila kupangwa foleni.